Flashi ya Shoferi na Jasho la Mtunzi

Asubuhi kwenye maegesho ya Kavimvira, kabla gari la kwenda Sange, Luvungi na Kamanyola halijajaa, shoferi anachomeka flashi kwanza, mengine baadaye. Milango ingali wazi, msaidizi wake anaita abiria kwa sauti ya kukwaruza, na tayari rumba inatoka kwenye spika zilizofungwa nyuma ya kiti cha mwisho. Mama mmoja anaomba zipigwe nyimbo za Mungu. Kijana wa nyuma anamtaka Fally Ipupa. Shoferi anabonyeza kitufe mpaka abiria wapatane, kisha safari inaanza.

Flashi hiyo ilijazwa kwenye kibanda cha kompyuta. Mwenyeji wa Uvira anavijua vibanda hivi, viwe Mulongwe, Kalundu au huku Kimanga: meza moja, mashine iliyopigwa na vumbi la barabara, waya za chaja zinazoning'inia, na kwenye kioo mafungu yaliyopewa majina ya rumba ya zamani, bongo fleva, injili, na filamu zilizotafsiriwa. Kijana wa kibanda hahesabu nyimbo, anahesabu gigabaiti. Mteja anatoa faranga zake na kuondoka na nyimbo mia kadhaa mfukoni. Alicholipia ni umeme, muda na ujuzi wa yule kijana. Aliyetunga, aliyepiga gitaa la solo na aliyegharimia studio hawamo katika hesabu hiyo hata kidogo.

Ndiyo maana shoferi anayesema "flashi ni yangu, nyimbo ni zangu" anakosea nusu. Flashi ni yake. Nyimbo zina wenyewe, na ruhusa ya kuzipiga inategemea jambo moja ambalo watu wengi hawalitazami: nani anasikiliza, na anasikiliza kwa sababu gani. Wimbo uleule, kwenye spika zilezile, katika gari lilelile, unaweza kuwa halali kabisa Jumapili na ukahitaji kibali Jumatatu.

Kongo ina sheria ya mambo haya tangu tarehe 5 Aprili 1986, Ordonnance-loi nambari 86-033 inayolinda haki za watunzi na haki jirani. Juu yake kuna Mkataba wa Berne wa mwaka 1886, ambao Kongo ni mwanachama wake tangu miaka ya mwanzo ya uhuru. Msingi wa zote mbili ni mmoja. Mtunzi ndiye mwenye neno kazi yake inaponakiliwa, na ndiye mwenye neno kazi hiyo inapopigwa mbele ya umma. Hizo ni ruhusa mbili. Anayenunua diski halisi dukani, au anayepakua wimbo kwa kulipa, amepata nakala ya kusikiliza. Hajanunua haki ya kuwapigia watu wengine wanaolipa nauli.

Haki jirani nazo zisisahauliwe, kwa kuwa wimbo mmoja hubeba wenyewe kadhaa. Kuna aliyeandika maneno na kutunga sauti, kuna walioimba na kupiga ala siku ya kurekodi, na kuna mtayarishaji aliyetoa fedha za studio. Wakati mwingine mtu mmoja ndiye yote matatu, kama walivyo vijana wengi wa Uvira wanaorekodi chumbani. Mara nyingi ni watu tofauti, na kila mmoja ana fungu lake.

Kwa mwenye gari la nyumbani habari ni njema. Baba anayempeleka mwanawe shule, dada anayekwenda kuwasalimia wakwe Makobola, marafiki wanne waliochanga mafuta kwenda ufukweni: hao ni jamaa na watu wa karibu, hawakuuziwa chochote, na gari lao ni kama sebule yao. Sheria za mkondo wa Kifaransa na Kibelgiji, ambamo sheria ya Kongo ilizaliwa, huuacha nje ya udhibiti mzunguko wa familia usiolipiwa. Wapige wanachopenda. Wakitaka kufungua sauti hadi vioo vitetemeke, hilo ni suala la majirani na usalama wa barabarani, si la hakimiliki.

Kinachobaki kwa mwenye gari la nyumbani ni asili ya nakala. Kunakili diski aliyoinunua mwenyewe kwenda kwenye flashi yake ili asikilize garini ni jambo ambalo nchi nyingi hulivumilia au huliruhusu waziwazi, na baadhi zimetafuta njia ya kumfidia mtunzi. Tanzania, kwa mfano, iliingiza mwaka 2023 tozo ya hakimiliki ya asilimia 1.5 kwenye vifaa vinavyotumika kunakili na kuhifadhi kazi, ili sehemu ya fedha za flashi na kadi za memori iwarudie wasanii. Kununua nyimbo 500 zilizonakiliwa na mtu asiye na kibali ni jambo jingine. Hapo wa kwanza kuulizwa ni muuzaji, ila mnunuzi asijidanganye kwamba amenunua mali safi.

Na gari la kukodi bila shoferi? Ikiwa mtu anamkodisha mwenzake gari kwa siku mbili za harusi, na ndani kuna redio, je, mwenye gari anadaiwa? Swali hili lilifika hadi Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, kwenye kesi ya vyama vya haki za muziki vya Sweden, Stim na SAMI, dhidi ya kampuni za kukodisha magari. Tarehe 2 Aprili 2020 mahakama ikasema hapana: kumpa mteja gari lenye redio si kumpigia muziki. Kitendo cha kupiga ni cha anayebonyeza kitufe. Hukumu hiyo haiifungi mahakama ya Uvira, ila inaonyesha mstari unapopita, na unapita mahali ambapo hata mtu asiyesoma sheria angeutarajia.

Mambo hubadilika abiria anapolipa nauli.

Mwezi Oktoba 2002 Mahakama Kuu ya Finland iliamua kwamba dereva wa teksi anayepiga muziki huku mteja yumo ndani anaupiga mbele ya umma, hivyo anapaswa kulipa mrabaha kwa Teosto, chama cha watunzi cha nchi hiyo. Ada iliyotajwa wakati ule ilikuwa yuro 22 hivi kwa mwaka. Watu walicheka, wakauliza umma gani huo wa mtu mmoja kwenye kiti cha nyuma. Jibu lao lilikuwa kwenye hesabu ya siku nzima: teksi haichagui nani aingie, abiria wa asubuhi si wa mchana, na wote kwa pamoja ni umma, hata kama hawajawahi kukaa pamoja.

Mahakama ya Ulaya ilifika karibu na hapo tarehe 20 Aprili 2023, kwenye kesi iliyoihusu kampuni ya ndege ya Blue Air na shirika la reli la Romania. Ilisema kuwapigia abiria muziki wa chinichini ndani ya chombo cha usafiri ni kuufikisha kwa umma. Ikaongeza jambo linalomfaa kila mwenye gari: kufunga spika peke yake si kosa wala si deni. Deni huanza muziki unapopigwa. Kwa hiyo mtu akimwambia shoferi kwamba anadaiwa kwa sababu gari lake lina redio, na redio yenyewe ni mbovu tangu mwaka jana, shoferi ana hoja.

Si hukumu zote zinavuta upande mmoja. Mwaka 2012 mahakama hiyohiyo ya Ulaya ilimwachilia daktari wa meno wa Turin aliyepiga muziki kliniki kwake. Hoja ilikuwa kwamba wagonjwa wake ni wachache, na hawaendi pale kusikiliza nyimbo wala hawalipi zaidi kwa ajili yake. Wakili wa shoferi wa teksi ndogo angeishika hoja hiyo kwa mikono miwili. Lakini kwa basi lenye viti 18, spika nne na taa za rangi, ambalo vijana hulisubiri kwa sababu linapiga vizuri kuliko majirani zake, hoja hiyo haina pa kusimama. Hapo muziki ni sehemu ya biashara, na mwenye biashara anajua hivyo.

Nairobi wanalijua hili vizuri kuliko mji wowote wa Afrika Mashariki. Matatu za Nairobi, zenye michoro, skrini na besi inayotikisa kifua, zimegombania abiria kwa muziki kwa miongo mingi. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 iliweka msingi, bodi ya KECOBO ikapewa kazi ya kuvipa leseni vyama vinavyokusanya mirabaha, na vyama kama MCSK kwa watunzi, KAMP kwa watayarishaji na PRISK kwa wasanii waimbaji na wapigaji vikayaorodhesha magari ya abiria miongoni mwa wanaotakiwa kulipa. Wenye matatu wamelalamika miaka nenda rudi, na baadhi ya malalamiko yao yana haki: vyama vimegombana vyenyewe kwa vyenyewe, leseni zimetolewa na kunyang'anywa, na mwenye gari hakujua amlipe nani. Mwaka 2017, kwa mfano, KECOBO iliacha kuipa MCSK leseni na kuipa MPAKE. Funzo kwa wenye magari wa huku si kwamba walipuuze jambo hili. Ni kwamba waulize kwanza nani ana mamlaka mwaka huo, na wapate jibu kwa maandishi.

Kongo mamlaka hiyo ni ya SOCODA, Shirika la Kongo la Haki za Watunzi na Haki Jirani, lililoidhinishwa mwaka 2011 kuchukua nafasi ya SONECA ya mwaka 1969. Miongoni mwa waliopata kuliongoza ni Verckys Kiamanguana, mpuliza saksafoni mashuhuri aliyefariki Oktoba 2022. Makao yake yako Kinshasa, mbali sana na ziwa, na umbali huo ni chanzo cha matatizo mengi. Mwanamuziki wa Uvira hulisikia shirika redioni. Shoferi hulisikia siku anaposimamishwa na mtu mwenye karatasi.

Siku hiyo shoferi afanye nini? Barabara ya Taifa nambari 5, inayoshuka kutoka Bukavu kupitia Kamanyola hadi Uvira na kuendelea Baraka, imezoesha watu kulipa bila kuuliza. Bariera baada ya bariera, noti inapita dirishani, hakuna risiti. Haki ya mtunzi isiingizwe katika mazoea hayo, kwa sababu fedha isiyo na risiti haimfikii mtunzi yeyote. Anayekuja kwa jina la shirika aonyeshe kadi ya kazi na barua ya kutumwa yenye muhuri, tarehe na eneo. Aonyeshe kiwango kilichoandikwa kwa aina ya gari husika, kwa maana viwango hubadilika na hakuna shoferi anayeweza kuvikisia. Atoe risiti yenye jina la mwenye gari, nambari ya gari na muda wa kibali. Lililo bora ni malipo kufanyika ofisini au benki, si barabarani injini ikinguruma na abiria wakilalamika. Asiye na vitu hivyo anaambiwa kwa heshima: "Bwana mkubwa, niandikie ofisi iko wapi, nitamtuma mwenye gari."

Mwenye gari, si shoferi. Hili nalo lielezwe mapema kati ya wawili hao, kwa kuwa magari mengi ya Uvira yana mwenyewe anayekaa nyumbani na shoferi anayepeleka hesabu kila jioni. Kibali cha muziki ni gharama ya biashara kama bima na ukaguzi wa gari. Shoferi akikilipia kutoka kwenye hesabu yake ya siku ameonewa. Kikishalipwa, nakala ikae pamoja na kadi ya gari, carte rose, na karatasi za bima, isikae nyumbani kwenye sanduku.

Kuna pia kuchanganya sheria mbili zisizofanana. Kongo ina tume ya taifa ya kuchunguza nyimbo na maonyesho, ambayo Novemba 2021 ilipiga marufuku nyimbo kadhaa, zikiwemo za kundi la MPR na za mwanamuziki Bob Elvis, kabla ya kelele za watu kulegeza baadhi ya marufuku hayo. Tume hiyo huangalia wimbo unasema nini. Haki ya mtunzi haijali wimbo unasema nini. Inajali nani anautumia. Askari anayemwambia shoferi kwamba anamtoza kwa sababu wimbo ni mbaya hazungumzii haki ya mtunzi, na shoferi ana haki ya kuuliza ni amri ipi anayoitekeleza.

Motari na dereva wa bajaji wanauliza mara nyingi kama nao wamo. Motari anayesikiliza kwa kipaza cha sikioni anajisikilizia mwenyewe, na hatari yake ni nyingine: hasikii honi ya lori nyuma yake. Aliyefunga spika kubwa kwenye bajaji ili abiria wafurahi, yuko upande uleule wa basi, ingawa ni vigumu kumwona mkusanyaji wa mirabaha akimkimbiza. Abiria anayesikiliza simu yake kwa vipaza vyake hamhusu shoferi. Na mitumbwi ya injini inayotoka Kalundu kwenda kusini haina sheria yake ya peke yake kwa sababu tu inapita majini.

Wapo wanaojificha nyuma ya redio. "Mimi sipigi flashi," anasema shoferi, "nafungua Radio Okapi tu, na redio imeshalipa." Ni hoja ya kweli kwa gari la nyumbani. Kwa gari la nauli haitoshi, maana Mkataba wa Berne, katika kifungu chake cha 11 ya pili, unatofautisha kurusha matangazo na kuyafikisha matangazo hayohayo kwa umma kwa spika. Redio hulipia kurusha. Anayeyasambaza kwa wateja wake anafanya tendo la pili. Hata hivyo kuna tofauti kubwa kati ya habari na muziki, na shoferi anayefungua habari za saa moja asubuhi asiwe na hofu ya mtu wa mirabaha ya nyimbo.

Simu zimeongeza mtego mpya. Vijana wengi sasa huunganisha simu na redio ya gari kwa bluetooth na kupiga kutoka YouTube, Boomplay au Spotify. Wanadhani kulipa mega za intaneti, au hata kulipa ada ya mwezi ya programu yenyewe, kumemaliza kila kitu. Spotify inasema waziwazi katika masharti yake kwamba huduma ni kwa matumizi binafsi yasiyo ya biashara, na YouTube nayo inazungumza hivyohivyo. Akaunti ya mtu binafsi haigeuki kuwa kibali cha basi. Hata hivyo kwa gari la nyumbani huduma hizi ni njia bora kuliko kibanda, kwa sababu angalau kila mara wimbo unaposikilizwa kuna hesabu inayoandikwa kwa jina la mwenye wimbo, hata iwe ndogo kiasi gani. Na programu zinazonyonya nyimbo kutoka YouTube na kuziweka kwenye flashi zinaifuta hesabu hiyo.

Kisha kuna imani tatu zinazozunguka kwenye maegesho, na zote tatu zinawaumiza wanamuziki.

Ya kwanza inasema wimbo wa zamani ni wa bure. Chukua "Marie-Louise", uliorekodiwa mwaka 1948 kwa lebo ya Ngoma ya Léopoldville, Kinshasa ya leo, ambao Wendo Kolosoy na Henri Bowane waliutunga pamoja. Sheria haihesabu kuanzia siku ya kurekodi. Kwa kipimo cha Berne, miaka 50 huhesabiwa baada ya kifo cha mtunzi, na kazi ya watunzi wawili hufuata kifo cha aliyebaki nyuma. Wendo alifariki Julai 2008. Utunzi huo una wenyewe hadi mwisho wa mwaka 2058, miaka 110 tangu ulipoingia kwenye santuri. Franco, gwiji wa rumba, alifariki Oktoba 1989, hivyo nyimbo alizotunga peke yake zinafika mwisho wa 2039 kwa kipimo hicho, na Ubelgiji, wanakohesabu miaka 70, zinafika 2059. Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu aliyeiteka Dar es Salaam kwa Kiswahili chake, alifariki Desemba 2010. Familia yake ina haki hadi mwisho wa 2060. Wanaobandika neno "zamani" kwenye fungu la kompyuta wanazungumzia kazi za watunzi ambao wajane na watoto wao wangali hai.

Ya pili ilianza Desemba 2021, UNESCO ilipoiandika rumba ya Kongo katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Wengine walielewa kwamba sasa rumba ni ya dunia nzima na yeyote anaweza kuitumia apendavyo. Kilichoandikwa kule ni desturi: namna ya kucheza, kuimba, kurithishana. Wimbo fulani wa mtu fulani haukuhama mikononi mwake.

Ya tatu ndiyo ngumu kuizungumza bila kuudhi watu, nayo ni kwamba wimbo wa Mungu haulipiwi. Rose Muhando na Christina Shusho wanasikika katika magari ya Uvira kila siku, na waimbaji wa kwaya za huku nao wameuza kuku na mihogo ili walipe studio. Wimbo wa injili ni kazi ya mikono, koo na fedha kama wimbo wowote. Mtunzi akiamua kuutoa sadaka, na wapo wanaofanya hivyo, sadaka hiyo ni yake kuitoa. Msikilizaji hawezi kuitoa kwa niaba yake.

Filamu zina ugumu wake. Magari ya safari ndefu yenye skrini nyuma ya kiti cha shoferi yamezoesha abiria kutazama filamu za Kihindi, za Nollywood au za mapigano, mara nyingi zikiwa na sauti ya mtafsiri juu yake. Utamaduni huu wa kusimulia filamu kwa lugha ya watazamaji una mafundi wake wa kweli, kuanzia Lufufu wa Dar es Salaam hadi VJ Jingo wa Kampala na DJ Afro wa Kenya, na ni sanaa inayostahili heshima. Ila tafsiri nayo inahitaji ruhusa ya mwenye filamu, hivyo nakala iliyotafsiriwa bila ruhusa ina kasoro mbili kabla haijafika garini, ya kunakiliwa na ya kutafsiriwa. Kisha kuionyesha kwa abiria wanaolipa ni ya tatu. Onyo linaloandikwa mwanzoni mwa diski, lile ambalo kila mtu hulirukisha, kwa kawaida husema kwamba diski ni kwa matumizi ya nyumbani tu. Netflix nayo huruhusu akaunti itumike na watu wa nyumba moja, si na abiria wa Baraka.

Mwenye gari anayetaka filamu kweli ana njia iliyonyooka kuliko anavyodhani. Wapo vijana wa Kivu wanaotengeneza filamu fupi, vichekesho na video za muziki, na tatizo lao kubwa ni kwamba hakuna anayezitazama. Kumwandikia mtengenezaji karatasi ya ruhusa kwa miezi sita, pamoja na malipo kidogo na jina lake likisomeka kwenye skrini, kunawafaa wote wawili. Vilevile achague kwa kuzingatia watoto. Nyumbani mzazi huzima anachotaka; garini mtoto amebanwa kwenye kiti saa nne mbele ya damu na matusi. Kenya, bodi ya KFCB inayoainisha filamu imelazimika kuzionya matatu kuhusu jambo hilihili. Na skrini isionekane kutoka kiti cha shoferi, hata kwa kuibia. Mteremko wa Ngomo, kwenye barabara ya Bukavu, hautoi nafasi ya kutazama mara mbili.

Yanayodaiwa zaidi kuliko basi lolote ni magari ya matangazo. Gari lenye pembe nne juu ya paa, linalopita polepole kutoka Kalundu hadi Kavimvira likitangaza sabuni, mkutano wa injili au mgombea, halina abiria hata mmoja, lakini mji mzima ni wasikilizaji wake. Tena linatumia wimbo kuuza kitu, na mtunzi anaweza kukipinga kitu hicho kwa moyo wake wote. Mwezi Mei 2022 kundi la Sauti Sol la Kenya lililalamika hadharani kwamba muungano wa Azimio ulitumia wimbo wao "Extravaganza" katika kampeni bila kuwaomba. Hoja yao ilikuwa ruhusa, na ilikuwa zaidi ya ruhusa: hawakutaka kuonekana wanaunga mkono upande wowote wa siasa. Mwenye gari la matangazo amdai mteja wake ruhusa ya maandishi ya wimbo kabla ya kuwasha jenereta. Afadhali zaidi, mteja amlipe kijana wa Uvira atunge kibwagizo kipya kwa ajili ya tangazo hilo. Ni rahisi kuliko kesi, na fedha zinabaki mjini.

Anayevuka Gatumba kwenda Bujumbura akumbuke kwamba haki hizi hufuata nchi. Flashi ya msafiri yenye nyimbo zake haina shida. Katoni ya diski zilizonakiliwa ni bidhaa, na Burundi ina sheria yake ya mwaka 2005 na ofisi yake, OBDA. Kibali kilichotolewa Kongo hakihesabiki ng'ambo ya mpaka, na kilichotolewa kule hakihesabiki huku.

Kwa wenye magari wanaotaka kuanza na lililo jepesi, ushauri wa kwanza ni kuwapiga wasanii wa nyumbani kwa makubaliano. Karatasi moja inatosha: jina la msanii na saini yake, majina ya nyimbo, nambari ya gari, muda wa ruhusa, na kama kuna malipo, kiasi chake. Aulizwe swali moja kabla ya kusaini: je, amejiandikisha SOCODA, au SACEM ya Ufaransa, au SABAM ya Ubelgiji kama walivyofanya wanamuziki wengi wakubwa wa Kongo? Ikiwa amekwisha kulikabidhi shirika usimamizi wa haki zake, huenda ruhusa ikahitaji kupitia shirika hilo, na karatasi yake peke yake isimkinge shoferi. Ikiwa bado, nyimbo ni zake kuzitoa.

Na msanii naye ana kazi yake. Mwenye gari anayelipa kibali mwaka mzima analipia nyimbo zinazojulikana kwenye daftari la shirika. Wimbo usioandikishwa, wenye jina la utani tu kwenye flashi na usiotaja mtunzi wala mwaka, hauna pa kupelekewa fedha hata zikikusanywa zote. Kwaya, kundi la vijana au mpiga gitaa wa Kimanga anayetaka siku moja kuonja matunda ya barabara hii aandike orodha ya nyimbo zake pamoja na majina kamili ya walioshiriki na tarehe ya kurekodi. Atunze nakala ya kwanza ya studio, kisha aipeleke orodha hiyo kwa shirika kabla hajaupeleka wimbo kwenye kibanda cha kompyuta.